Kikao cha Kutafuta Mushipa

Nilisoma mpaka la sita ya shule ya primere tu, kwa hiyo maneno ya munganga wa hospitali nayaandika kama nilivyoyasikia. Nikikosea, kosa ni langu, si lake.

Wakati wa vita bwana yangu alikuwa anasukuma baiskeli: chumvi na sabuni kutoka hapa Kindu mpaka Pangi, kisha kurudi na mupunga na mafuta ya mawese. Wenye bunduki wa upande huu walimunyanganya, wa upande ule pia walimunyanganya. Siwezi kusema nani alizidi, maana siku moja mumoja wao alimusaidia kusukuma kwenye mulima. Kifua kilianza kumubana miaka ile. Tukasema ni muzigo. Labda ilikuwa muzigo kweli, sijui.

Vita ilipoisha akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na huko njo alianguka. Wakamupasua kifua. Walitoa mushipa kwenye mguu wake, wakaushona kwenye moyo ili damu izunguke mahali palipoziba, kama watu wanavyokata njia ya porini wakikuta daraja limevunjika. Aliporudi nyumbani, kila mugeni alionyeshwa kovu la mguu. La kifua alilifunika.

Mwaka huu maumivu yakarudi. Akishuka kwenye pirogi, mutumbwi wa kuvukia kutoka Alunguli, na kupanda ukingo, anasimama, anajifanya anaangalia muto Lualaba. Munganga wa hapa akamupima, akasema ule mushipa wa mguu nao umeziba, lazima aende Kinshasa upesi, akichelewa moyo unaweza kusimama. Kabla sijauliza watamufanya nini, bwana yangu alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Mimi siendi," akasema, tukarudi nyumbani.

Sasa huku kwetu, mwili wa muntu si wa mwenyewe peke yake. Ndugu wakaitwa. Na wote walifikiri kama nilivyofikiri mimi: mushipa wa kwanza umekufa, basi unatakiwa mwingine, naye hataki kutoa mguu wa pili. Ukoo ulete mushipa. Musiwacheke. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilisugua miguu yangu kwa sabuni na jiwe, nikitumaini nitachaguliwa, na nikiogopa nitachaguliwa.

Upande wa baba yake walitoka Pangi, upande wa mama yake Lubutu. Maneno yakawa moto kabla chai haijapoa.

"Mutoto ni wa baba," akasema baba yake mudogo. "Mushipa utatoka kwetu."

"Ehee!" akajibu muyomba, kaka wa mama yake. "Na akikufa, mutamuzika bila mimi? Hamuthubutu. Kama maiti yake ni yangu, na moyo wake ni wangu." Akasimama, akapandisha suruali mpaka kwenye goti. "Muangalie! Minene kama mizizi!"

Kweli ilikuwa minene, ya kijani, imejikunjakunja.

"Yoo, shemeji," akasema shangazi wa bwana yangu, "hii ni mishipa ama ni nyoka? Ukiitia ndani ya mutoto, itameza moyo!"

"Nyamaza wewe," akasema muyomba, "miguu yako haijatembea kupita soko!"

Tulicheka mpaka vikombe vikalia. Bwana yangu naye akacheka, kisha akashika kifua.

"Mishipa munayo, aksanti," akasema pole pole. "Shida haiko mushipa. Walinikata mufupa wa kifua na musumeno. Nilipoamka, kukohoa tu ilikuwa kama kupasuliwa tena. Mimi naogopa."

Tangu arudi hakuwahi kulisema. Nikamushika mukono, ingawa sina hakika kama ilifaa mbele ya wakwe.

Muyomba akashusha suruali. "Basi aitwe munganga," akasema. "Atuambie kama ni musumeno tena."

Munganga akaja na pikipiki, bado amevaa viatu vya hospitali. Aliposikia habari ya mishipa alicheka kidogo, kisha akaomba samahani. Hakuna muntu wa kutoa mushipa, akasema. Watapitisha mupira mwembamba sana kwenye mukono, hapa pa kuvalia saa, mpaka moyoni. Mahali palipoziba watavimbisha puto dogo, waache hapo wavu mudogo wa chuma ili pasifunge tena. Na watajaribu kwanza mushipa wake wa kuzaliwa, ule wa zamani, maana wa mguu ukizeeka, ndani unakuwa na uchafu, na ukiuchokoza uchafu unaweza kushuka mbele na damu.

"Ule wa kuzaliwa ni mugumu," akasema. "Umefungwa miaka mingi. Wanaweza kushindwa, na hatari iko. Sitakudanganya, baba."

"Wakishindwa?"

"Wataangalia ule wa mguu, ama utabaki na dawa."

"Na kifua?"

"Mupango si kukifungua."

"Apa mbele ya muyomba."

"Kuapa siwezi. Nasema ninachojua."

Bwana yangu akamuangalia sana. Nafikiri kama angeapa, asingemuamini.

"Kwa mukono, nitaenda," akasema.

Mudogo wake alimusindikiza kwenye ndege mpaka Kinshasa, kwa sababu anajua Lingala na Kifaransa. Mimi nikabaki natwanga sombe, majani ya muhogo, simu ndani ya kitenge. Ilipolia, niliacha muchi ukaanguka.

"Mama watoto." Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Wamefungua?"

"Ule wa kuzaliwa. Waliuhangaikia sana. Nilikuwa macho, nilimuona munganga anatoka jasho."

"Na kifua?"

"Hawakugusa. Wananiambia dawa kila siku, nisiruke hata moja."

"Hautaruka."

"Najua, uko na mimi. Unalia?"

"Natwanga."

"Sisikii muchi."

Nikainama kuokota muchi. Nikamusikia anapumua tu, bila pumzi kukatakata, mpaka unite za simu zikaisha.