Gia Zilizokataa Asubuhi

Miaka ile ya sitini nilikuwa fundi wa magari kwenye shamba la pareto karibu na Nyamitaba, na unyenyekevu haukuwa miongoni mwa vifaa vyangu. Watu walisema naweza kusikia ugonjwa wa gari likiwa bado kwenye kona, nami sikuwakanusha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa miaka mitatu mfululizo.

Patron wetu, yaani mwenye shamba, alikuwa na gari la mbio, dogo, la milango miwili, lenye injini yenye nguvu kuliko ile ya lori letu la maziwa. Barabara zetu hazikulistahili, lakini alilipenda. Kila baada ya wiki mbili liliteremka naye msituni, kupitia Walikale hadi Mubi alikokuwa na duka, kisha likapanda tena milimani. Dereva wake alikuwa mtu mzima wa Masisi, mpole, aliyekaa na mke na watoto katika nyumba ya shamba. Nakiri kwamba nilimwonea wivu. Mimi nililala chini ya gari lile, yeye alikaa ndani yake.

Basi klachi ikaanza kusumbua. Ambreyaje, kama tulivyoiita kwetu. Kila asubuhi pedali ilikuwa ngumu kukanyaga, na ukiiachia ilirudi polepole kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Gia ya kwanza ilikataa kuingia, na ya nyuma ilisaga meno mpaka moyo ukauma. Ikifika saa sita mchana, gari lilikwenda kana kwamba hakuna kilichotokea. Patron akaniita. Niliinama dirishani, nikanusa, nikasikiliza kidogo, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba ni mguu wa dereva. Anauegemeza kwenye pedali njia nzima, nikasema, amekwisha kuichoma klachi.

Ulikuwa upuuzi. Klachi iliyochomwa na mguu huteleza: injini inapiga kelele, gari haliendi, na gia zinaingia bila ugomvi. Hii yetu ilikuwa kinyume kabisa, ilishika na kukataa kuachia. Mtu aliyejifunza ufundi mwezi mmoja angejua tofauti hiyo. Nami niliijua. Lakini ulimi hauna mfupa, na wivu ulikuwa unausukuma kwa nyuma.

Patron akasema dereva ataendesha mpaka Jumamosi, kisha aondoke shambani na nyumba aiache. Dereva hakubisha, aliangalia viatu vyake tu. Ukimya ule niliuona kuwa ushahidi, nikaenda kula chakula changu nikiwa nimeridhika.

Siku ya Alhamisi mke wake alikuja gereji. Alikuwa ametoka kupalilia, mikono yake ina udongo bado.

"Papa, uniambie," alisema, "muguu ya bwana yangu iko na ugonjwa gani? Tangu ulisema, namukandaka na mayi ya moto kila mangaribi. Anakataa kuniambia kama inamuuma."

Akaendelea, bila hasira hata kidogo: "Maharagi yetu haiyakomaa. Tukitoka Jumamosi, tutaiacha mu shamba, na batoto watakula nini?"

Nilimwambia mguu wa mumewe hauna ugonjwa wowote. Alipoondoka niliona aibu kubwa, na aibu ile ndiyo iliyonifanya kuwa fundi tena.

Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya malisho, nilimwomba dereva akanyage pedali nami nikajilaza chini ya gari. Katika gari lile hapakuwa na waya kati ya pedali na klachi. Kulikuwa na mrija mwembamba uliojaa mafuta ya breki: mguu unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma kijiti, kijiti kinasukuma klachi. Dereva alikanyaga kwa nguvu zake zote. Kijiti kilisogea upana wa ukucha tu.

Nikawaza habari ya mama yule na maji yake ya moto. Nikachovya kitambaa katika maji yaliyochemka, nikauzungushia mrija, nikafanya hivyo mara tatu nne, kisha nikamwambia akanyage tena. Kijiti kikasogea kama inavyotakiwa. Kwa hiyo klachi yenyewe ilikuwa nzima, na kilichokuwa kinaganda na kuyeyuka kilikuwa ndani ya mrija. Nilifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta. Badala ya mafuta ya breki nilikuta kitu cha rangi ya chungwa, kizito kama uji wa jana. Nikachovya kidole, nikaonja. Mawese, mafuta ya michikichi.

"Papa," nikamwuliza, "nani alitia mawese mu ambreyaje?"

Akasema, "Ni miye."

Akanieleza akiwa bado ameshika usukani. "Patron alibakia ku duka, akanituma Walikale kuchukua barua. Mu njia nikakuta bantu banabeba mama moja ku mabega, mu kipoyi ya miti. Alikuwa anashindwa kuzaa, damu inatoka. Nikamutia mu gari. Mbele kidogo mafuta ikavuja, pedali ikaanguka. Nikakaza pale ilikuwa inavuja, lakini mafuta ilikuwa imeisha. Bale bantu bakanikuta pale, bakanipa mawese ya chakula yao. Kule chini iko joto, mawese iko sawa na mayi. Pedali ikasimama, nikamufikisha ku lopitali."

"Sababu gani haukusema?"

"Patron alikatazaka kubeba muntu mu gari yake. Nikisema mawese, nitasema na ile mama, na wataniita mwizi wa gari, wanifunge. Weye ukasema ni muguu. Muntu wa muguu mubaya anaweza kwenda kulima."

Nikamwuliza kama yule mama alipona.

"Sijue," alisema. "Nilimuacha ku mulango."

Siku nzima nilisafisha mrija na kikopo kwa spiriti, nikatia mafuta yanayofaa, nikatoa hewa yote. Jumamosi alfajiri, baridi ikiwa kali, gia zote ziliingia bila sauti. Patron alipokuja nilimwambia kwamba mguu wa dereva hauna kosa, kwamba mafuta ndiyo yalikuwa mabaya, na kwamba ni mimi niliyeyatia.

"Hapana, patron," akasema dereva. "Ni miye." Akamwambia yote, hata kipoyi, hata damu.

Patron aliinama akatazama kifuniko cha kikopo cha mafuta. Kisha akanigeukia mimi, wala si yeye. "Siku ile ulisema ni muguu, ulikuwa umefungua hii kifuniko?"

"Hapana, patron."

Akampa dereva funguo, akamwambia wanateremka Walikale kuulizia habari za yule mama. Kwangu hakuongeza neno.

Kabla ya kuingia garini, dereva alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, kaka," alisema. "Bila weye, leo tungekuwa tumetoka mu nyumba."

Nilitamani anitukane. Alikuwa ananishukuru kwa nyumba ambamo ni mimi niliyekaribia kumtoa.