Ukuta Ulionyeshewa

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikoajiriwa hapa Sirari, muuzaji mzuri alikuwa yule anayesikika. Vijana wa maduka ya jirani walisimama barabarani wakiita wateja, kwa Kikurya na kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Mimi nilijificha ndani, nyuma ya ndoo za rangi. Tajiri, mwenye duka, alinivumilia, kisha akaniambia mwezi ukiisha kabla sijajifunza kusema na watu, nirudi kwetu Kenyamonta nikachunge ng'ombe, maana ng'ombe hawangoji kukaribishwa.

Sikutaka kuondoka, kwa sababu ya zile rangi. Tulikuwa na rangi nyeupe ya maji na vichupa vya rangi kali za kuchanganyia. Nilipopewa nafasi nilichanganya kidogo kidogo, nikijaribu kwa kidole juu ya kipande cha boksi. Nyumbani kwetu hakukuwa na msichana, hivyo mimi ndiye niliyemsaidia bibi kusiliba nyumba. Tulikoroga udongo mwekundu, majivu na samadi mpaka yeye aseme sasa imekubali.

Siku moja akaja mama mtu mzima na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na bonge la udongo, amelifunga kwa kitambaa kilicholowa maji lisivunjike njiani. Mwanawe alikuwa amemjengea nyumba ya matofali, na ile ya udongo ingebomolewa. Alitaka mpya iwe na rangi ya ile ya zamani. Tajiri alimwonyesha karatasi ya rangi zote tulizonazo, naye akazikataa zote. Ndipo nikaitwa. Nilichanganya mpaka rangi ya ndoo ikafanana na bonge, na mama akaondoka ameridhika. Bonge lilibaki juu ya meza.

Siku chache baadaye alirudi na ndoo ile ile. Alikuwa amejaribu kidogo tu ukutani.

"Hii ni nyumba yangu ikiwa imenyeshewa," alisema.

Nikatazama bonge mezani. Lilikuwa limekauka na kupauka, wekundu wake umekwenda mbali. Bibi hakukubali rangi ya ukuta isemwe lolote kabla haujakauka, na mimi nilikuwa nimefuata rangi ya udongo uliolowa. Tajiri alisema ndoo iliyokwisha kuchanganywa hana wa kumuuzia, na kwamba mama huyu akitoka bila kuridhika, nisingoje mwisho wa mwezi.

Nilichanganya nyingine, nikapaka ubao na kuuegemeza juani. Mama akaketi kwenye benchi, nami nikakaa pembeni. Tukaungoja ukauke.

"Mura," akaniuliza, akiniita kijana kwa Kikurya, "nani alikufundisha kazi ya wanawake?"

Nikamjibu kuwa ni bibi. Akacheka, akasema huenda bibi aliona mapema kwamba ng'ombe wangenizidi nguvu.

Ubao ulipokauka aliweka bonge juu yake, akalisogeza huku na huku, akakubali. Lakini tajiri alikuwa bado anaitazama ile ndoo ya kwanza. Nami niliitazama, nikakumbuka kuta za kwetu wakati wa masika.

"Mama," nikasema, "ile ya kwanza ipake chini, pale maji ya mvua yanaporukia. Hii ya sasa ndiyo ikae juu."

Sikuwahi kumwambia mteja maneno mengi kiasi hicho. Alifikiri, akasema hata ile ya zamani kila masika huwa hivyo, chini nyeusi, juu nyekundu. Akachukua ndoo zote mbili.

Tajiri hakunisifu. Mwezi ulipoisha alimleta kijana mwingine asimame mlangoni na kuita watu, mimi akaniacha na ndoo. Ubao bado upo. Wengine huuona, kisha huja tena na udongo wa kwao, na kabla ya kugusa chupa yoyote nauanika kwanza.

Nyumba ya yule mama sijaiona. Mvua ikinyesha huwa naiwazia. Ukuta wa bibi ulibadilika kila ulipolowa, kisha ukarudi. Rangi ya dukani haijui kufanya hivyo. Kwa huyu mama, kule chini, ni masika mwaka mzima.