Isyo Baridi na Moshi wa Bure

Wifi yangu Mbithe hapendi jiko. Nalisema mapema mtu asije akafikiri nampamba. Alipika miaka mingi kwenye hoteli ya mabati kule Mlolongo, karibu na mizani ya malori, na alipoolewa na kaka yangu Musembi akaja kwetu Kalama, alitangaza kwamba moshi aliokwisha kuuvuta unamtosha mpaka kaburini. Anayemtaka amtafute shambani. Mimi, ambaye hakuna ninachopenda kama kuketi kwenye kigoda jikoni, nikoroge chungu na kuwasema watu polepole, niliona Mungu ametuletea mke wa ajabu.

Jina langu ni Kamanthe. Naishi boma hilo hilo, na kazi ya wifi kila mtu anaijua. Namkosoa. Siku nyingine namkosoa kabla ya chai nisije nikasahau.

Mwaka ule, ule uliofuata El Nino, tulikuwa na shida moja kubwa. Mvua ilikuwa imetuchimbia korongo kutoka mtoni, likipanda shamba letu kila msimu. Lilimeza mbaazi, likameza nusu ya zizi la mbuzi, na kufikia Februari mdomo wake ulikuwa nyuma ya nyumba ya Mbithe, karibu hivi kwamba ukimwaga maji ya kuoshea vyombo unasikia yakianguka chini. Musembi, aliyekuwa akivunja mawe huko Mlolongo, alituma neno: mvua ya Machi ikikuta korongo liko wazi, anakuja kuhamisha mke, mtoto na vitanda, wakaishi chumba cha kupanga.

Mbithe hakutaka kusikia. "Nimekaa chumba kimoja, wifi," aliniambia. "Ukigeuka unagonga kitanda, ukinyoosha mguu uko kwa jirani. Mimi niko na shamba. Sirudi."

Nami sikutaka aende, ingawa sikumwambia. Angeondoka, mimi ningebaki nikimkosoa nani, mbuzi?

Dawa ya korongo ilijulikana: kuchimba mtaro mrefu juu yake na kurusha udongo upande wa korongo uwe tuta, kisha kuuziba mdomo kwa mawe. Hiyo si kazi ya watu wawili. Ni kazi ya mwethya, kikundi chetu cha wanawake wanaozunguka shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu. Zamu yetu ilikuwa siku moja tu. Nyuma yetu walingoja wengine, nao pia walikuwa na makorongo yao.

Sasa, mwethya una desturi yake. Mwenye shamba hachimbi, anapika. Isyo, yaani mahindi na maharagwe, hukaa motoni tangu alfajiri, na wanaochimba huku chini jicho moja liko kwenye jembe na lingine liko kwenye paa la jiko. Moshi ukipanda, majembe nayo yanapanda. Ni desturi nzuri sana. Mimi nilikuwa nimeshapangusa kigoda changu.

Mbithe akaniharibia. "Wewe na mimi tukikaa jikoni, majembe mawili yamelala," alisema.

"Langu limezoea kulala," nikamjibu.

"Na hili jua la Februari? Mtu achimbe tangu asubuhi, umpe isyo inayotoka moshi, halafu achimbe tena? Atalala. Kule mizani madereva walikuwa wakila githeri, isyo hii hii, ikiwa moto saa sita, saa saba wanakoroma kwa usukani na foleni haijasonga. Nikaanza kuwapatia baridi, nimechanganya na kachumbari. Walikuwa wanaondoka wakipiga miluzi."

"Hao ni madereva," nikasema. "Hawa ni wanawake wa Kalama. Ukiwapa chakula baridi hawatakuja kwako tena hata kwa matanga."

Na sikuwa nikitia chumvi. Kwetu chakula baridi ni cha mume aliyekosana na mkewe. Mgeni hupewa kitu kinachofuka, hata kama jua limekaa mabegani mwake.

Lakini Mbithe akishaamua, umwache. Jioni ya kuamkia siku ya zamu yetu alichemsha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa maganda, pamoja na mbaazi kavu, mpaka vyote vikaiva vizuri bila kupondeka. Akamwaga maji, akatia chumvi na mafuta kidogo vikiwa bado na joto, maana alisema punje iliyopoa haikubali ladha. Halafu akavigawa kwenye vyungu viwili, akavikalisha kwenye mchanga aliouloweka maji, penye kivuli nyuma ya tangi, na gunia bichi juu yake. Akachemsha na mayai yote ambayo kuku wetu walikuwa wametupa wiki ile. Mimi nilisimama mlangoni nikiguna. Hata hakugeuka.

Asubuhi, kabla ya watu kufika, alikatakata kabichi nyembamba kama uzi, karoti, nyanya zilizokaza, vitunguu alivyovikamua kwa chumvi kuondoa ukali, na dania. Akaparuza maembe mabichi. Maembe mabichi! Hayo kwetu ni ya watoto na wenye mimba. Ndimu akakamua kando. Maparachichi akasema yatakatwa wakati wa kula, yasije yakawa meusi. Vyote akavifunika, akachukua jembe lake, na langu akanishikisha mkononi.

Basi tukachimba. Mwenyekiti wetu alikuwa Loise, mama mnene mwenye sauti ya kengele, ndiye anayepima mstari wa mtaro na ndiye anayeanzisha nyimbo. Mwanzo kazi ilienda. Lakini jua lilipopanda, nikaona vichwa vinaanza kugeuka kuelekea jikoni. Paa kimya. Wakachimba kidogo, wakageuka tena. Paa kimya. Wimbo ukapungua, ukawa wa watu watatu, ukawa wa Loise peke yake, ukaisha.

"Mama Ndunge," Loise akamwita Mbithe kwa jina la mtoto wake, "leo jikoni yuko nani?"

"Hakuna mtu. Chakula kiko tayari."

Wanawake wakatazamana. Chakula gani kiko tayari bila moshi? Mmoja akafuta jembe lake kwa majani, na jembe likifutwa kabla ya saa sita ujue mwenye jembe anafikiria njia ya nyumbani. Mwingine akakumbuka ana mtoto mgonjwa. Mtaro ulikuwa haujafika nusu. Mbithe aliendelea kuchimba, kichwa chini, akifikiri watu wote ni kama yeye. Nilimtazama mgongo uliolowa jasho, nikatazama lile korongo limefungua mdomo nyuma ya nyumba yake. Nikajua wakiondoka hawa, na yeye anaondoka.

Nikasema naenda msalani. Nikaingia jikoni, nikawasha magunzi, juu yake nikatupa majani mabichi ya mparachichi na kipande cha gunia kuukuu. Moshi uliotoka hapo ungeweza kupikia harusi. Nilitoka macho yakichuruzika, nikarudi mtaroni polepole, kama mtu aliyetoka msalani.

"Haya!" Loise akapaza sauti. "Palipo na moshi hapakosi chakula." Wimbo ukarudi, majembe yakarudi, na yule mwenye mtoto mgonjwa akachimba kuliko wote. Mbithe hakuinua kichwa.

Saa ya kula ikafika. Wakaketi kivulini, wamenawa. Mbithe akaleta makarai mawili. Alikuwa amemwaga muthokoi na mbaazi humo, akachanganya na mboga na embe, akamwagia ndimu, juu akapanga mayai yaliyokatwa na maparachichi na pilipili kidogo. Kilikuwa chakula kizuri kwa macho, siwezi kukataa. Lakini kilikuwa hakifuki.

Loise akashika karai kwa kiganja, akatoa mkono. "Mama Ndunge. Hiki kimelala?"

"Kimepoa, Mama Kyalo," Mbithe akamjibu Loise. "Nimekipoza mimi."

"Na ule moshi ulikuwa wa nini?"

Mbithe akanitazama. Wote wakanitazama.

"Nilikuwa nachoma takataka," nikasema.

"Siku ya mwethya?"

"Usafi hauna siku."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana Loise alikuwa ameshaanza kufunga leso yake kiunoni, ile namna ya mtu anayesimama. Aliyetuokoa ni Syombua, bibi aliyetuzidi wote umri, mwenye meno machache na njaa nyingi. Alikuwa hangoji mwenyekiti. Alichota, akatafuna upande wenye meno, akachota tena.

"Mbona hakinichomi?" akauliza.

"Kimepozwa makusudi, mwaitu," Mbithe akamjibu kwa heshima, kama mtu anayemjibu mama yake.

"Basi wale wengine wamekuwa wakinichoma makusudi tangu niolewe."

Hapo wakacheka, na mtu akicheka mkono wake unaingia karaini wenyewe. Walikula. Ile ndimu na embe viliamsha vinywa vilivyokauka, na mbaazi zikashibisha tumbo bila kelele. Yule mwenye mtoto mgonjwa alikwangua karai. Loise alikula mwisho na akala kwa muda mrefu, akisema baada ya kila konzi kwamba chakula hasa ni kile cha moto.

Kisha akajilaza kama ilivyo kawaida yake akingoja usingizi. Usingizi ukakataa kuja. Akageuka huku, akageuka kule, akaketi. "Sijui nina nini," akasema, "sina uzito." Alisimama, akachukua jembe, na mwenyekiti akisimama nani atabaki chini? Mchana ule ambao siku zote huwa wa kukoroma, tuliuchimba wote. Mimi pia nilichimba, na viganja vyangu vikatoka malengelenge ambayo sijamsamehe Mbithe mpaka leo. Jua likielekea kuzama tuta lilikuwa limefika mwisho, na wanawake wakapanga mstari wakirushiana mawe mkono kwa mkono, Syombua akiwa wa mwisho, akiyapanga kwenye mdomo wa korongo na kuutukana kila anapoweka jiwe.

Tangu siku hiyo kikundi kikaamua: wakati wa jua, mwenye zamu apike jana yake, naye achimbe na wenzake. Vigoda vya jikoni vikashika vumbi. Ni uonevu, nami niliusema mkutanoni, lakini walikuwa wengi.

Mvua ya Machi ilikuja mchana, kwa fujo, bila kubisha. Mimi na Mbithe tulisimama nyuma ya nyumba yake tumejifunika gunia moja. Maji yalishuka mekundu kutoka mlimani, yakafika kwenye tuta, yakapanda, yakapanda, nami nikamshika wifi yangu mkono bila kumwomba ruhusa. Yakasimama. Yalijaa mtaroni yakatulia humo kama uji ndani ya bakuli, na upande wa korongo halikupita hata tone la kulowesha jiwe.

Musembi alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, akiwa na fungu la kamba mpya za kufungia vitanda begani. Mbithe alimkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, akazishusha zile kamba begani mwake, akaenda nazo zizini kufungia mbuzi.