Nilifunga water pump ya umeme ya mtumba kwenye gari ya zamani ya Mzee, yakanikuta Mwanga sokoni

Wakuu, habari za humu ndani.

Hii post nimeiandika na kuifuta mara sita, maana kila nikiisoma naona koma imekaa vibaya. Leo naiachia hivyo hivyo. Ni kweli tupu, na sehemu kubwa ya ukweli huo inaniaibisha mimi mwenyewe.

Kuna siku niliuliza humu kama inafaa kufunga water pump ya umeme, ya mtumba, kwenye gari ya zamani. Nusu yenu mkasema funga, nusu mkasema usithubutu, na mmoja akaniuliza kama gari inauzwa.

Nilifunga.

Naishi Ujiji, Kigoma, kwa wazazi. Mzee wangu ana saloon iliyonizidi umri kwa mbali. Aina siitaji, wenye nazo mna hasira. Rangi ya maziwa, usukani mkubwa kama sinia la pilau. Fundi wake ni mimi. Ufundi sijausomea popote, nimejifunza kwa video na kwa kuharibu.

Gari ina ugonjwa mmoja: inachemsha. Ukitembea mwendo wa kawaida haina neno. Ukienda polepole, mshale wa temperature unapanda kama umeitwa.

Sasa dada yangu Mwajuma alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari ya bibi harusi ni hiyo. Misafara ya harusi ya huku mnaijua. Matarumbeta mbele, akina mama wanacheza katikati ya barabara, gari inakwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta hereni iliyodondoka.

Mzee akatamka mbele ya familia nzima: "Ikichemsha tena, siku hiyo hiyo namwita mtu wa chuma chakavu. Nimechoka kuonekana barabarani nimeshika kidumu."

Ile gari ndiyo kitu pekee ninachojua kukifanyia kazi.

Nikaenda Rusimbi kwa Fundi Leonidas, mtu mzima mwenye asili ya Burundi, mpole sana. Akaigusa pampu kwa kidole kimoja.

"Buhoro buhoro, mwana, taratibu. Sili ya pampu imekufa, maji yanapungua. Tunaweka sili nyingine, imekwisha."

Nakiri, jibu lilikuwa jepesi mno nikalidharau. Nilishachora mchoro kwa kalamu za rangi nne! Kwenye video nimeona watu wanafunga pampu ya umeme, inazungusha maji kwa nguvu hata injini ikiwa taratibu. Nikaitaka hiyo.

Maduka ya spea ya Mwanga nilizunguka yote, hakuna. Muuzaji mmoja akaniambia nishuke mwaloni Ujiji, kule ziwani, kwa Mzee Rajabu, ana vitu vya mtumba vya kila namna.

"Shikamoo Mzee. Natafuta pampu ya maji ya umeme, volti kumi na mbili."

"Marahaba. Ipo. Chombo chako kikoje?"

Hapa nisimame kidogo. Sisi wa magari, gari tunaiita chombo. Chombo kimetulia, chombo kinakula mafuta. Nikajua huyu mzee ni mwenzetu.

"Cha zamani, Mzee, ila body bado nzima."

"Kinavuja?"

"Kidogo. Mbele, kwa chini."

"Kinapakia wangapi?"

"Watano. Jumamosi kinabeba bibi harusi."

"Mashaallah. Kimeshawahi kuzama?"

"Mara moja tu, masika, kule Rusimbi. Tulikivuta kwa kamba."

Akanitazama. "Rusimbi? Nchi kavu kule?"

"Ndiyo Mzee."

"Mvua za siku hizi," akasema, akatikisa kichwa.

Akanitolea pampu, akaipangusa kwa kanga kuukuu. "Hii ni ya uhakika. Chombo kikizidiwa, inajiwasha yenyewe. Unganisha moja kwa moja kwenye betri, swichi usiweke. Na bibi harusi mvalishe boya."

Nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Wakuu, pale palikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuuliza, "kikizidiwa na nini?" Mimi nilielewa joto. Lakini nilishaitikia "sawa sawa" mara nne, na mimi nikishaitikia sawa sawa mara nne siwezi tena kuuliza, naona nitaonekana nilikuwa nadanganya zile nne zote. Ndivyo nilivyo.

Nyumbani nikagundua pampu ni plastiki tupu, na chini ina matundu kama chujio. Mahali pa kuingizia mpira wa rejeta hapapo. Mtu mwenye akili angerudi kwa Mzee Rajabu. Mimi nikachukua kipande cha bomba la plastiki la maji taka, nikaijengea nyumba, nikaziba kwa gundi, nikapaka rangi nyeusi. Pampu ya zamani nikaivua, tundu lake nikaliziba kwa bati. Klipu zote za mipira nikazigeuza bisibisi iingie kutoka upande mmoja. Moja ilikataa, nikarudia kazi nzima.

Nikaijaribu kwa maji baridi mara kumi na moja. Inanguruma vizuri! Sikujiuliza hata mara moja kwa nini najaribu kwa maji baridi.

Fundi Leonidas akapita, akainama kwenye boneti, akatazama muda mrefu.

"Eee. Imependeza," akasema. "Ni ya nini?"

Alhamisi Mzee akasema twende tukajaribu. Akavaa koti. Tukatoka Ujiji kwa mwendo wa harusi kabisa, bodaboda wanatupita wakitupigia honi. Mshale umetulia katikati. Mzee akaanza kupigapiga vidole kwenye dashboard.

"Umeniweza," akasema.

Wakuu, mara ya mwisho Mzee kunisifia nilikuwa namaliza darasa la saba.

Tulipofika usawa wa soko la Mwanga nikasikia "pwaa". Ile nyumba ya plastiki ilikuwa imelainika kwa joto. Mpira ukachomoka, ukajipenyeza kwenye grili, ukaanza kurusha maji mbele kama wa kuoshea magari. Yakatua moja kwa moja kwenye mabeseni ya mama mmoja aliyekuwa amepanga bidhaa zake pembeni.

"Wee! Nani kakwambia nauza mabeseni machafu?"

Nikazima injini haraka. Pampu haikuzima. Si nimeiunga kwenye betri? Ikaendelea kurusha mpaka tone la mwisho, halafu ikanyamaza yenyewe, kwa adabu.

Jamaa mmoja mbeba dagaa akachungulia. "Broo, hii si ya boti? Ya kutolea maji, boti lisizame?"

Nikampigia Mzee Rajabu, loudspeaker, ili Mzee asikie mwenyewe kwamba kosa si langu.

"Mzee, ile pampu imetoa maji yote nje!"

"Alhamdulillah! Watu wako salama?"

"Salama, ila chombo kimekwama hapa Mwanga sokoni."

"Mwanga sokoni?" akasema. "Ziwa limefika huko?"

Mama wa mabeseni akakaa chini. Mzee akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka, anacheka hadi koti limemvuka bega.

Alipopata pumzi nikamuuliza, kwa sauti ndogo, habari ya mtu wa chuma chakavu. Akaingia ndani ya gari, akafungulia switch, akautazama mshale. Bado katikati.

"Nilisema ikichemsha," akasema. "Hii haijachemsha. Imetapika."

Tukaivuta hadi Rusimbi. Fundi Leonidas akairudisha pampu ya zamani, akaweka sili mpya, akakaza mkanda. Hakunisema hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jumamosi Mwajuma alibebwa polepole mpaka ukumbini, na matarumbeta yao, mshale haukusogea.

Somo nililopata si la pampu. Nilikuwa naogopa kuonekana sijui kuliko nilivyoogopa kuharibu gari. Swali moja tu, "chombo gani, Mzee?", lingemaliza kila kitu.

Funguo Mzee amenirudishia kwa sharti: kabla sijafunga kitu, nimweleze Mama kinafanya kazi gani. Mama asipoelewa, sifungi. Mpaka sasa Mama ameelewa wiper tu.

Kwa hiyo wakuu, nielezeni kwa namna ambayo Mama ataelewa: pampu ya umeme ya gari, ya gari kabisa, ikiwa ya mtumba unaikagua vipi? Na wewe uliyewahi kuitikia "sawa sawa" dukani bila kuelewa, njoo useme ulirudi nyumbani na nini.