Matende Yangu na Lawama Niliyomtwisha Fatu

Mnaonisikiliza, mguu huu mnaouona haukuwa hivi. Naitwa Zuhura, nyumbani ni kijiji kimoja cha ndani kutoka Mikindani. Nilipalilia mikorosho, nilichimba mihogo, na kwenye unyago mimi ndiye niliyekuwa kungwi wa mabinti. Mume wangu alikuwa na wake wawili. Mke mwenzangu, Fatu, tulipika pamoja, tukasukana nywele.

Yalianza kwa homa. Nilitetemeka siku mbili, mtoki ukavimba kinenani kama yai, mguu wa kushoto ukawa mwekundu, unawaka. Homa ilipopoa, mguu ukanywea. Nikasahau. Baada ya miezi kadhaa ikarudi, kisha ikarudi tena, mpaka mguu ukaacha kunywea. Ngozi ikawa ngumu, yenye mikunjo. Katikati ya vidole pakachanika, pakatoa maji yenye harufu. Nzi wakanijua.

Mganga aliutazama akasema, "Umekanyaga kitu ulichotegewa. Aliyekutega mnakula chungu kimoja."

Sikuuliza zaidi. Nilimfuata Fatu uani nikamwita mchawi mbele ya watu. Alilia, akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Mume wangu akampa talaka, naye Fatu akarudi kwao karibu na mto Ruvuma.

Nilidhani sasa nitapona. Mguu ukazidi. Mganga akanichanja kwa wembe, chale zikaoza. Mabinti wakatafutiwa kungwi mwingine. Mume wangu akahamia chumba cha pili. Misibani nilikaa peke yangu, upepo usiwapelekee wenzangu harufu. Nilimwomba Mungu anichukue, na sikuwa natania.

Dada yangu anayeishi mjini, Chikongola, ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Muuguzi, mama wa makamo, alichuchumaa akaushika mguu wangu kwa mikono yake. Miaka sita hakuna aliyeugusa kwa huruma.

"Mama, haya ni matende," alisema. "Yanaletwa na mbu. Anakuambukiza minyoo midogo, inaharibu njia za maji ya mwili. Pengine ilianza ukiwa bado msichana."

"Siyo mtu?"

"Siyo mtu, mama. Ni mbu."

Nililia. Alifikiri nalia kwa furaha.

Akanifundisha kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, taratibu, mpaka katikati ya vidole. Nikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua, nipake dawa palipochanika. Nikikaa niuinue, nichezeshe kifundo, nivae viatu visivyobana. Homa ikija nipumzike, niwahi hospitali.

"Hautarudi kama zamani," alisema, "ila utapunguza kukutesa."

Ni kweli. Harufu imeisha, vidonda vimefunga, homa zimekuwa za nadra. Lakini mguu bado ni mnene. Namshukuru Mungu, na muuguzi yule, na dada yangu.

Nilipoweza kutembea nilikwenda kwa Fatu. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza habari ya mbu, nikamwomba radhi.

Aliutazama mguu wangu kwa muda. "Pole kwa ugonjwa, dada," akasema. "Maneno yako yalifika huku kabla yangu. Mpaka leo watoto wa jirani wakiniona wanakimbia."

Akaendelea kumenya. Sikukaribishwa kukaa.

Ndugu zangu, mguu ukivimba, wahini hospitali kabla hamjatafuta wa kumlaumu. Mimi nimefundishwa kuosha mguu. Jina la Fatu sijui nilioshe kwa sabuni gani.