Kiingereza Kilichotulaza Chini

Jameni, bado nasikia haya, lakini afadhali niseme mimi mwenyewe kabla watoto hawajaeneza habari mji muzima!

Nafundisha Kiingereza darasa la kwanza hapa Bunia. Tangu vita ianze, karibu kila somo linakatwa na masasi ya bunduki. Basi nikapata akili: masasi yakilia tu, ninapaza sauti kwa Kiingereza, "Down!", na watoto wote wanalala chini ya mabenchi. Wanashika haraka ajabu! Nikajisifu kwa majirani kwamba watoto wangu wanaelewa Kiingereza kuliko wa Kampala. Maneno mengine, nilisema, yatakuja vita ikipoa.

Juzi direkta wa shule akatuletea musyé inspekta, bwana mkaguzi wa masomo, koti yake nyeupe imepigwa pasi. Asubuhi ile mji ulikuwa kimya kabisa. Leo somo halitakatwa! Nikasimama mbele ya ubao, nikavuta pumzi, nikapaza sauti yangu yote: "Good morning, children!"

Watoto wote wakajitupa chini, puu! Inspekta kuona vile, naye akajitupa. Direkta akafuata. Na mimi, mwalimu hodari, nikaona wakubwa wamelala, nikakimbilia chini ya meza. Humo nikakutana uso kwa uso na inspekta, koti imejaa vumbi.

Akaninong'oneza: "Madamu, masasi iko natokea upande gani?"

"Hakuna masasi, musyé inspekta. Ni mimi. Niliwapa watoto bonjour ya Kiingereza."