Mikebe ya Maharagwe Aliyoacha Mke Wangu

Mke wangu alichemsha maharagwe kila Jumamosi. Aliyapika kwa makaa nyuma ya nyumba yetu hapa Kitengela, akayaacha yapoe, kisha akayagawa kwenye mikebe mitupu ya siagi na kuyaweka kwenye friza. Mkebe mmoja ulitutosha sisi watatu: yeye, mimi na binti yetu. Yakibaki, kesho yake aliyakaanga pamoja na wali wa jana, kwa kitunguu na dania, na tuligombania sahani.

Moyo wake ulisimama ghafla. Wiki moja baada ya mazishi, wageni walipokwisha kwenda zao, nilifungua friza nikakuta mikebe mitano.

Sikujua kupika. Binti yangu, wa miaka kumi na minne, ndiye aliyenielekeza. "Kitunguu kwanza, Baba. Ngoja iive ndio uweke nyanya." Hatukutaja ni nani aliyeyachemsha. Mkebe wa kwanza tuliumaliza jioni moja. Wa pili niliongeza viazi, ukaenda siku mbili. Wa tatu na wa nne nilitia kabichi nyingi hivi kwamba maharagwe ilibidi uyatafute kwa kijiko. Binti yangu alidhani nabana matumizi. Mimi sikutaka tu yaishe.

Wa mwisho sikuugusa. Tulikula ugali na sukuma wiki, siku baada ya siku, na asubuhi tukanywa chai na ugali uliobaki. Mara nyingine nilimwona binti yangu akifungua friza, akiangalia, akifunga.

Kisha stima ikapotea siku mbili. Asubuhi ya pili, mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa kutoka upande wa Kajiado alinikuta mlangoni nimeshika mkebe unaodondoka maji.

"Supa," alinisalimu. "Hiyo ni nini?"

Nilimweleza. Aliufungua, akanusa.

"Bado ni mzuri. Lakini jioni itakuwa imeharibika. Pika saa hii."

"Siwezi, Mama."

"Bibi yako hakuweka hii ndio uwe ukiiangalia. Aliweka mkule."

Alinipimia maziwa, akaenda kwa wateja wengine.

Nilimwamsha binti yangu. Alipika yeye, mimi nikakata vitunguu, na kulikuwa na wali wa jana kwenye sufuria. Alikaanga vile vile kama mama yake, hata ule wali wa chini ulioshika rangi. Tulikula polepole. Alipomaliza kupangusa sufuria kwa kidole, aliniuliza, "Baba, zimeisha kabisa?"

"Zimeisha."

Alitoka nje, akasimama kando ya tangi la maji, mgongo wake ukitikisika. Nilibaki mezani muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akijua la kusema. Mwishowe nilimfuata. Nilisimama karibu naye.

Jumamosi iliyofuata nilinunua maharagwe sokoni na kuwasha makaa mwenyewe. Niliharakisha kuyaepua. Mezani tulitafuna, tukatafuna.

"Ni magumu," nilisema.

"Kidogo," alijibu, akaendelea kula, macho yake kwenye sahani.